Kuanza Battle for Wesnoth: kutoka kupakua hadi mechi ya kwanza na mwenzako

Battle for Wesnoth ni mchezo wa mkakati wa zamu kwa zamu: wewe ukicheza mpinzani anasubiri, naye akicheza wewe unasubiri. Ulianzishwa na David White mwaka 2003, toleo la 1.0 likatoka 2005, na hadi leo unaendelezwa na watu wanaojitolea chini ya leseni ya GPL. Kwa mchezaji hilo lina faida mbili: hakuna cha kulipia, na unaruhusiwa kabisa kumnakilia rafiki yako kwa flashi. Na kwa kuwa ni wa zamu, mtandao ukisuasua sekunde kadhaa hakuna askari anayekufa kwa sababu hiyo. Kwa mwenye laptopu ya kawaida na bando la kupimia, huu ndio wa kuanzia kabla ya michezo ile ya kukimbizana na saa.

Menyu tunazozitaja hapa tumeziandika kama zinavyosomeka kwenye skrini, na vivyo hivyo majina ya askari, ili usipotee ukishafungua mchezo wenyewe.

Kupakua na kusakinisha

Nenda wesnoth.org, fungua ukurasa wa Download. Utakuta matoleo ya aina mbili, Stable na Development. Chukua Stable. Namba ya pili ndiyo inayokuambia: ikiwa shufwa, kama 1.16 au 1.18, toleo ni imara. Ikiwa witiri, kama 1.17 au 1.19, ni la majaribio. Mtu wa 1.16 na mtu wa 1.18 hawawezi kukutana kwenye mechi moja, kwa hiyo mkianza kuulizana "mbona sikuoni?", kabla ya kugusa kitu kingine linganisheni namba ya toleo iliyoandikwa kwenye skrini ya mwanzo.

Faili la Windows lina mamia ya megabaiti. Lipakue mara moja mahali penye Wi-Fi, liweke kwenye flashi, kisha kila mtu alisakinishe kutoka hapo. Mnaokoa bando, na mnakuwa na hakika kwamba nyote mna toleo lilelile. Kwenye Linux, amri ya `sudo apt install wesnoth` inafanya kazi, ila hazina za Debian na Ubuntu mara nyingi huwa nyuma kwa toleo moja au mawili. Kama mwenzako yuko Windows, afadhali utumie Flatpak: `flatpak install flathub org.wesnoth.Wesnoth`. Mchezo upo pia Steam, bure vilevile.

Kadi ya picha ya kuchezea michezo mizito haihitajiki. RAM ya GB 4 inatosha. Laptopu ikiwa nzito, ingia Preferences uzime michoro ya ramani inayochezacheza, halafu uwashe Accelerated speed ili askari wasitembee kwa madaha.

Ukishafungua, cheza Tutorial yote. Haichukui muda, na inakufundisha kuchagua, kusogeza na kushambulia vizuri kuliko maandishi yoyote. Baada ya hapo, kwenye Campaigns chagua A Tale of Two Brothers au The South Guard. Zote mbili zimetengenezwa kwa wanaoanza. Usirukie moja kwa moja mechi na mtu kwa kuwa tu umeshawahi kucheza michezo mingine ya vita. Hesabu za hapa ni tofauti.

Hesabu ya dhahabu

Mechi nyingi za watu wawili huanza na dhahabu 100 kila upande. Kila zamu unapata 2 za msingi, na kwa mpangilio wa kawaida 2 nyingine kwa kila kijiji unachokishika. Matumizi nayo yapo: kila askari anakula dhahabu sawa na ngazi yake kila zamu, ila kila kijiji kinalisha bure ngazi moja. Kiongozi wako hali kitu.

Tuchukue kundi la Loyalists, ambalo ni zuri kwa kujifunzia kwa sababu lina askari wa kila namna. Spearman, wa mkuki, ni dhahabu 14; Cavalryman, mpanda farasi, 17; Mage, mchawi, 20; Merman Fighter, mpiganaji wa majini, 14. Ukiandika jeshini, yaani ukinunua, Spearman watatu na mmoja mmoja wa hao wengine, umetumia 93, chenji 7. Huyo Merman mwandike tu kama ramani ina maji ya maana. Nchi kavu ni samaki kweli.

Sasa angalia kinachotokea. Zamu ya 2 utafungua ukute dhahabu 3, si 9. Wengi hudhani mchezo umekosea. Haujakosea: umepata 2 za msingi, lakini una askari sita wa ngazi ya 1 na huna kijiji hata kimoja, kwa hiyo wamekula 6. Saba jumlisha 2 toa 6. Ukishashika vijiji sita mambo yanageuka: wote sita wanalishwa bure, mapato ni 2 na 12, yaani 14, Spearman mpya kila zamu. Ukiongeza askari wakafika tisa kwa vijiji vilevile sita, watatu wanakula mfukoni mwako na mapato yanashuka hadi 11. Adui akikunyang'anya kijiji kimoja wakati huo, hupotezi 2 bali 3, kwa sababu kuna mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Naye anavuna hizo hizo upande wake. Ndiyo maana mpanda farasi mmoja akipenya nyuma na kushika vijiji viwili kwa zamu mbili anaweza kukuumiza kuliko shambulio la askari wanne mbele.

Ardhi na bahati

Hapa ndipo wageni husoma kinyume. Uwezekano wa kumpiga mtu hautegemei ardhi uliyosimama wewe unayeshambulia. Unategemea ardhi aliyosimama anayepigwa. Ardhi yako inakulinda wewe pale unapojibiwa, na zaidi sana pale zamu inapohamia kwa adui. Kwa hiyo kabla ya kushambulia, jiulize utakuwa umesimama wapi ukimaliza.

Kwa binadamu wa kawaida, kijiji, ngome na mlima vinampa kinga ya 60% (yaani adui anamkosa mara 60 kati ya 100), kilima na msitu 50%, uwanda 40%, maji mafupi na kinamasi 20% tu. Mbilikimo wa kundi la Knalgans mlimani ana kinga ya 70%, lakini mteremshe uwandani anabaki na 30%. Uchawi hauheshimu haya: Mage ana nafasi ya 70% ya kupiga popote adui alipo, na hiyo ndiyo sababu ya bei yake.

Spearman anapiga mara tatu. Akimshambulia mtu aliyesimama uwandani, kila pigo lina nafasi ya 60%. Uwezekano wa kukosa yote matatu ni 6.4%, karibu mara moja kwa kila mara kumi na sita. Mechi moja ina mapigano mengi kuliko hayo, kwa hiyo itakutokea, na itakutokea wakati mbaya. Mchezaji mzuri hapangi shambulio linalotegemea kwamba pigo fulani lazima liingie. Anaandaa wa pili na wa tatu wa kumalizia. Kwenye dirisha la kushambulia kuna kitufe cha Damage Calculations. Kibonyeze kila mara mpaka macho yazoee. Kinaonyesha uwezekano wa kila matokeo, pamoja na wa wewe kufa.

Mchana na usiku

Kama kuna kitu kimoja cha kushika katika mwongozo huu, ni hiki. Siku ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, kisha usiku wa zamu mbili. Askari wenye alama ya lawful wanaongezewa nguvu ya 25% asubuhi na alasiri, na kupunguziwa 25% usiku. Wenye alama ya chaotic ni kinyume chake. Neutral hawabadiliki. Alfajiri na magharibi hao wote watatu wako sawa.

Robo inaonekana ndogo mpaka uione kwenye namba. Mage, ambaye ni lawful, anapiga 7 mara tatu. Mchana inakuwa 9 mara tatu, jumla 27. Usiku 5 mara tatu, jumla 15. Upande wa pili, Orcish Grunt wa kundi la Northerners, ambaye ni chaotic na anagharimu dhahabu 12 tu, anapiga 9 mara mbili. Usiku ni 11, mchana ni 7. Mage ana uhai wa 24. Usiku, Grunt mmoja akimpata mara zote mbili anamtoa 22, anabakia hoi. Akija wa pili amekwenda. Mchana Grunt huyohuyo anatoa 14 tu, tena akishambuliwa na Mage kwa mbali hawezi kujibu, kwa sababu hana silaha ya mbali. Namba hizi zinaweza kupanda au kushuka kidogo kwa sababu kila askari huzaliwa na sifa zake, lakini picha ndiyo hiyo.

Kinachofuata ni kwamba Loyalists dhidi ya Northerners au Undead wanasogea kunapokucha na kurudi nyuma jua likizama. Kurudi nyuma si kushindwa. Anayeng'ang'ania mstari usiku kwa sababu ameona aibu kuachia vijiji viwili, alfajiri hana jeshi la kuvirudisha.

Kuzuia njia

Kila askari wa ngazi ya 1 na kuendelea anadhibiti vigae sita vinavyomzunguka. Adui akiingia kimojawapo, mwendo wake unakatika papo hapo, ingawa anaweza bado kushambulia. Maana yake huhitaji kujaza mstari wote: askari wawili walioachana kwa vigae viwili vitupu wanatosha kuziba njia kwa zamu moja. Askari wa ngazi ya 0, kama Walking Corpse, hawazuii mtu, na wenye uwezo wa skirmisher, kama Fencer, wanapita kama hawajaona kitu.

Ukitaka kulinda badala ya kuchelewesha, wasimamishe bega kwa bega kwa mstari ulionyooka. Kila mmoja atashambuliwa kutoka vigae viwili tu vya mbele. Akitokeza mmoja mbele ya wenzake, anapigwa na watatu au wanne, na huyo ndiye anayekufa kwanza.

Majeruhi mtoe mapema. Kijiji kinaponya uhai 8 kwa zamu. Anayetulia bila kusogea wala kupigana anapata 2. Aliyelishwa sumu anapoteza 8 kila zamu. Kijiji kinaondoa sumu kwanza, na uponyaji unaanza zamu inayofuata. Usimwache mwenye sumu mbele eti ana uhai bado.

Uzoefu nao una hesabu yake. Kupigana tu kunakupa alama sawa na ngazi ya adui. Kuua kunakupa mara nane ya ngazi hiyo, au 4 kama ni wa ngazi ya 0. Kwa hiyo pigo la mwisho mwachie anayekaribia kupanda ngazi. Akipanda, uhai wake unajaa wote palepale, jambo linaloweza kugeuza mapambano katikati ya zamu.

Kuunganisha mechi

Njia rahisi ni laptopu moja. Multiplayer, kisha Local Game, mnabadilishana kiti. Ramani zenye ukungu, yaani zinazoficha sehemu ambazo askari wako hawazioni, hazina utamu sana hapo kwa sababu mwenzako yuko begani, basi zima Fog.

Laptopu mbili bila intaneti ndiyo njia tunayoipenda zaidi, na hatua zake ni hizi:

1. Washa hotspoti kwenye simu moja, halafu zima data ya simu hiyo. Kwenye simu nyingi hotspoti hubaki hewani hata bila data. Mchezo hautumii bando kwa njia hii, lakini Windows ikiona intaneti itaanza kushusha masasisho yake kimyakimya, na bando litaondoka hivyo.
2. Unganisheni laptopu zote kwenye hotspoti hiyo.
3. Mwenyeji aingie Multiplayer, achague Host Networked Game. Windows itauliza kama programu ya wesnothd iruhusiwe kupita faiwoli. Weka tiki Private na Public zote mbili. Windows mara nyingi huihesabu hotspoti kuwa Public. Ukiruhusu Private peke yake, mwenzako atabaki nje bila kuambiwa sababu.
4. Mwenyeji atafute anwani yake: kwenye Windows fungua cmd, andika `ipconfig`, soma mstari wa IPv4 Address chini ya Wi-Fi. Usichukue Default Gateway. Hiyo ni simu. Kwenye Linux ni `hostname -I`.
5. Mgeni aingie Multiplayer, Connect to Server, aandike anwani ile, kwa mfano 192.168.43.57. Poti ni 15000, na mchezo unaijua wenyewe.

Ikigoma, kagueni kwa mpangilio huu: namba ya toleo, faiwoli, kisha mtandao wenyewe. Wi-Fi za hoteli na vyuo nyingi huzuia vifaa visionane. Hapo hakuna dawa zaidi ya kurudi kwenye hotspoti ya simu.

Kucheza na wageni, chagua Join Official Server. Jina lolote ambalo halijasajiliwa linakuruhusu kuingia, ila ukilipenda lisajili kwenye jukwaa la wesnoth.org lisije likachukuliwa. Ukumbini watu wanaandikiana kwa Kiingereza zaidi. Ukifungua mechi yako, kwenye jina andika "beginners welcome", la sivyo atakuja mkongwe akumalize kabla ya magharibi ya kwanza.

Kwenye Create Game acha Era ya Default, yenye makundi kama Loyalists, Rebels, Northerners, Undead, Knalgans na Drakes. Kwa wawili, The Freelands au Den of Onis zinafaa. Wanne wagawane wawili wawili kwenye Isar's Cross, ambayo ni ndogo na haichoshi. Na kama hamtaki kupigana wenyewe kwa wenyewe, Dark Forecast inawaweka wawili upande mmoja dhidi ya mawimbi ya maadui wa kompyuta. Kwa mwalimu na mwanafunzi hiyo ndiyo bora. Time limit izime mkiwa marafiki, iwashe mkiwa na wageni, kwa sababu kuna watu wakiona wanashindwa wanaenda kupika.

Zamu kumi za kwanza

Kiongozi akiwa kwenye ngome yake, bofya kulia kigae cha ngome kinachomzunguka, chagua Recruit, au bonyeza Ctrl+R. Mwandike kila askari kwenye kigae kilichoelekea kijiji atakachokwenda. Walioandikwa hawasogei zamu hiyohiyo, na kigae kimoja cha kukosea kinaweza kukugharimu zamu nzima. Cavalryman apewe kijiji cha mbali, Spearman vya karibu. Kiongozi naye ashike kijiji cha jirani kama kipo, mradi arudi ngomeni wakati dhahabu ya askari mwingine imepatikana. Nje ya ngome hawezi kuandika mtu.

Kabla ya kumaliza zamu kwa Ctrl+Space, bonyeza N mpaka uhakikishe hakuna aliyesahaulika. Hatua uliyokosea inatenguliwa kwa U, isipokuwa kama imefunua ukungu.

Kama saa ya kuanzia haikuchaguliwa kwa bahati nasibu, zamu ya 1 ni alfajiri, ya 4 ni magharibi, ya 5 na 6 ni usiku. Majeshi hukutana katikati ya ramani karibu na zamu hizo, yaani Loyalists wanamkuta Northerners saa mbaya kabisa. Usisogee. Zamu ya 4 chagua vijiji na vilima vya upande wako, weka Spearman hapo, Mage nyuma yao. Spearman ana first strike: hata akishambuliwa yeye, mkuki wake unatangulia. Zamu ya 5 na 6 pokea mapigo, badilisha majeruhi, pigana pale tu adui aliposimama majini au uwandani. Zamu ya 7 kunakucha, sogea. Ya 8 na 9 ndizo za kushambulia kwa nguvu zote: Mage wanatangulia kumpiga Grunt asiyeweza kujibu, Spearman wanamalizia. Ya 10 anza kutazama nyuma tena.

Wa kuandika baadaye wategemee ulichokiona upande wa pili. Mifupa ya Undead inacheka mikuki na mapanga. Ilete Heavy Infantryman na rungu lake pamoja na moto wa Mage. Drakes wanaruka kasi lakini mkuki unawaingia vibaya, kwa hiyo Spearman wengi. Ukiona adui ana mikuki mingi, punguza Cavalryman.

Kiongozi akifa umeshindwa, hata kama una askari kumi hai. Wengi wanapotea hapa: wanamwona kiongozi ana nguvu kuliko askari wa kawaida, wanampeleka mbele, usiku unawakuta huko. Amalizie majeruhi karibu na ngome, basi.

Mambo yakiharibika katikati

Ujumbe wa out of sync maana yake kompyuta mbili hazikubaliani tena juu ya kilichotokea. Mara nyingi chanzo ni nyongeza zilizopakuliwa kwenye Add-ons ambazo hazilingani toleo. Mechi za mwanzo chezeni bila nyongeza yoyote. Ikitokea, msiendelee, hifadhini, tokeni, mwenyeji apakie faili la mwisho lililo salama.

Mtu akikatika, mwenyeji anaulizwa afanye nini na upande ule. Ukibofya haraka ukaukabidhi kwa kompyuta, askari wa rafiki yako wataanza kukimbia ovyo kabla hajarudi. Chagua kuuacha bila kazi ukimsubiri, au hifadhi na kufunga mechi. Kuirudisha siku nyingine, mwenyeji afungue Multiplayer na Create Game kama kawaida, abonyeze Load Game, achague faili, kisha kila mmoja akalie upande wake wa awali. Umeme ukikatika bila mtu kuhifadhi, tazama kwanza orodha ya faili kabla ya kukata tamaa: mchezo huhifadhi wenyewe kila zamu, na faili la Auto-Save lenye namba kubwa zaidi ndilo la kuchukua.